Mikrosekunde za Mgeni Rasmi

Heko kwa fundi anayelehemu waya mwembamba kwenye kipokezi cha GPS cha bei chee! Waya hudaka mpigo unaotoka kila sekunde, kompyuta ikafuata saa za atomu zinazoelea kilomita 20,200 angani. Hata zile sekunde 18 ambazo saa ya GPS imeitangulia saa ya dunia tangu 2017 huondolewa.

Kyela ilikihitaji mno kifaa hiki. Mkutano wa wakulima wa kakao wa saa tatu kamili huanza mgeni rasmi akishamaliza chai. Sasa heshima hiyo ya kumsubiri itapimwa hadi mikrosekunde.

Wavuvi wa usipa, maskini, bado hutazama mwezi tu, na ziwani huwahi.

Mshereheshaji naye atatangaza kama kawaida: muda si rafiki, maswali ya wananchi yarukwe.