Namna ya Kuipora Atomi Elektroni Yake

Anza na sodiamu. Ina elektroni 11: 10 zimejifungia ndani, moja inalala barazani. Njoo na nishati ya elektronivolti 5.14 uiondoe. Zimebaki protoni 11 na elektroni 10, na huko kutolingana ndiko chaji yenyewe. Hukuiongezea atomi umeme wowote, umepunguza tu. Ya pili usiiguse: inadai 47.3, maana sasa unavunja mlango wa chumbani.

Wala usitegemee wingi wa mwanga. Mwanga mwekundu uangaze kutwa nzima, elektroni haitatoka, kwa kuwa kila fotoni, yaani kila chembe ya mwanga, hupiga peke yake, na pigo lake ama linatosha ama halitoshi.

Sasa mtazame fundi akiwa kazini. Adhuhuri washa redio ya masafa ya kati. Kilomita 60 hadi 90 juu yako Jua linapora. Haidrojeni yake hutoa mwali wa urujuanimno wenye elektronivolti 10.2. Molekuli ya oksijeni inataka 12.1, ya nitrojeni 15.6, zote mbili zinasalimika. Lakini humo hewani mna molekuli adimu, nitrojeni moja imeshikana na oksijeni moja, na yenyewe huachia kwa 9.3. Hiyo ndiyo inayoporwa. Hapa mimi hustaajabu kila mara: kitu haba namna hiyo, na bado ndicho kinachoamua utasikia nini mchana! Elektroni zilizotolewa hutikiswa na mawimbi ya redio, zikagonga hewa, na nguvu ya wimbi ikaishia kuwa joto. Unabaki na stesheni za jirani.

Ngoja magharibi ipite. Fundi ameondoka, elektroni za huko chini zinanaswa upesi na molekuli, njia inafunguka. Juu zaidi, kilomita 100 na kuendelea, hewa ni nyembamba mno hata elektroni nyingi hukesha bila kupata pa kurudi. Wimbi likifika huko hupindishwa, likateremka nchi nyingine. Mwanafizikia Edward Appleton alithibitisha kuwapo kwa tabaka hilo mwaka 1924, kwa mawimbi ya redio hayohayo.

Basi usiku ukishatulia, zungusha kitufe polepole sana, na pale penye mkwaruzo usipite haraka. Tega sikio. Kuna mtu anasoma habari mbali huko.