Barafu Haisomi Majarida

Mwaka 1997 wanabotania wa Ujerumani Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis walieleza kwa nini jani la yungiyungi haliloi: limejaa vinundu vidogo mno vyenye nta, tone likitua hubaki juu ya ncha, kisha hubingirika na vumbi lake. Maabara zikachangamka. Kama maji hayashiki, barafu itashika wapi?

Barafu haikubisha hodi kama tone. Ilikuja kama mvuke, ikajipenyeza katikati ya vinundu, ikaganda humo humo. Vinundu vilivyosifiwa kwa kufukuza maji vikageuka meno ya kuing'ang'ania, na kila inapobanduliwa huondoka na baadhi ya vinundu hivyo.

Mwaka 2011 kundi la Joanna Aizenberg, Harvard, likaiga mtungi wa mmea unaokula wadudu: uso uliolowekwa mafuta, utelezi mtupu. Ila mafuta nayo huisha.

Chicago, asubuhi ya Januari, mtu mwenye koti zito ananing'inia juu ya lori, akilimwagia bawa la ndege glikoli ya moto ya kuyeyusha barafu. Pengine mmiliki wa hataza ya rangi ya kuzuia barafu yumo ndani, kiti cha dirishani, akisubiri zamu.