Jinsi ya Kumkirimu Mgeni Anayeogopa Maji, Joto na Hata Jua

Kwanza mtambue. Anaitwa MAPbI₃: fuwele ya perovskaiti yenye risasi, iodini na methilamonia. Kazi yake ni kunasa jua na kulifanya umeme. Mwaka 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake kule Yokohama walipotangaza seli yake, iligeuza asilimia 3.8 tu ya nishati ya jua kuwa umeme, na kimiminika cha seli hiyohiyo kilimla kwa dakika chache. Usimcheke. Ndugu zake wa ukoo huo leo wamevuka asilimia 26.

Mwandalie makao: sanduku la glavu lililojaa naitrojeni, lisilo na unyevu. Dondosha mchanganyiko wa manjano juu ya kioo, kizungushe kwa kasi, kisha mwagia klorobenzini kwa wakati wake. Ukichelewa sekunde chache, utando utatoka na mawaa na itakubidi uanze upya. Ukiuwahi, kiweke kwenye bamba la nyuzi 100, ukae utazame: manjano inakuwa kahawia, kahawia inakuwa nyeusi. Utando huo una unene wa takriban nusu mikromita, na bado humeza sehemu kubwa ya mwanga unaoonekana. Silikoni ya paneli za kawaida, ili iyeyuke, hudai tanuri la nyuzi 1,400 na zaidi. Huyu huja kwa urahisi kwa sababu fuwele yake ni laini, na kwa ulaini huohuo huondoka: unyevu ukimpenyea, methilamonia hutoka na iodidi ya risasi hubaki, manjano tena.

Ukimwongezea bromini abadili rangi, tayarisha na giza. Juani bromini na iodini hujitenga, kila moja na kisiwa chake, gizani hurudiana.

Siku ya kumpima, pandisha volteji, kisha ishushe. Majibu mawili yakitofautiana, andika yote mawili, maana ayoni zinatembea ndani yake. Na usitangaze ushindi kwa kipande kidogo kuliko ukucha. Mwenye nyumba anataka paa zima, kwa miaka 25.

Mfunike barabara kwa kioo na gundi, kwa kuwa risasi yake ikichukuliwa na mvua itaingia udongoni na kwenye maji ya watu. Hapo sina mzaha.

Asipofaa paani, mpeleke chumba cha eksirei. Atomu nzito za risasi huzuia mionzi vizuri, na watafiti wanamtengenezea vigunduzi ili mgonjwa apigwe picha kwa dozi ndogo zaidi. Huko hakuna mvua.