Imetumwa Kama Ilivyopokelewa

Kuna watu wanaoamini kwamba ukiandika "imetumwa kama ilivyopokelewa" chini ya uongo, uongo unatakasika. Mpwa wangu ni mmojawapo. Ana simu, ana kijiti cha kuishikia, ana chaneli yenye neno TV mwishoni, na siku hizi ukimwita kwa jina haitiki mpaka uanze na "Mkurugenzi".

Majuzi Mkurugenzi alitangaza kwamba maji mtaani kwetu yatakatwa siku tano. Herufi kubwa, alama za mshangao, na picha ya bomba lililopasuka huku nyuma yake theluji imejaa. Theluji, Mbagala! Mke wangu hakuangalia theluji. Alijaza ndoo, madumu, masufuria ya pilau na beseni la kuazima, nyumba ikakosa pa kukanyaga. Maji hayakukatika hata saa moja.

"Umeipata wapi hii?" nikamuuliza.

"Kwenye grupu, anko."

"Nani wa grupu?"

"Admini."

"Na admini kaitoa wapi?"

"Katumiwa."

Nikamwamuru asahihishe. Akaifuta, kisha akarusha nyingine: "MAAJABU! Maji yaendelea kutoka licha ya taarifa za kukatwa!!!" Hiyo ndiyo iliyotazamwa zaidi. Yaani uongo ulimlipa, na kukanushwa kwa uongo kukamlipa tena. Nikimtajia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, anaapa kwamba aliandika "inasemekana".

Wa magazeti nao si malaika. Wapo ambao kalamu zao hazitoi wino mpaka bahasha ipite. Ila gazeti likikukosea unajua pa kwenda kugombana: kuna jengo, kuna mhariri, na wakikuzungusha kuna Baraza la Habari Tanzania, ambalo tangu miaka ya 1990 linapokea malalamiko na kusuluhisha. Mkurugenzi wangu nikamshitaki wapi? Kwa mama yake? Nilijaribu. Dada alisema mtoto anajitafutia.

Serikali nayo, ikiamua kuwajibisha, inabeba rungu. Mwaka 2018 ilileta kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni mbili kwa kuanzia. Kana kwamba aliyelipa milioni mbili hawezi kudanganya! Mwaka 2020 gazeti la Mwananchi likafungiwa leseni ya mtandaoni miezi sita na kutozwa faini ya milioni tano, kisa picha ya Rais Magufuli akinunua samaki katikati ya watu wakati wa korona, picha iliyodaiwa kuwa ya zamani. Sawa. Sasa shangazi anayesambaza picha kama hiyo kwenye grupu la kitchen party, mtamfungia leseni ipi? Mwenye jina na anwani ndiye anayepigwa, kwa sababu ndiye anayeonekana.

Mimi sitaki mtu afungwe wala afungiwe. Nataka aliyekosea aseme "nilikosea", kwa sauti ileile aliyokosea nayo. Hata magazeti yanashindwa hapo. Mwenyekiti wa mtaa wetu aliwahi kubandikwa picha yake, ukurasa wa tatu, kwenye habari ya mwizi wa kuku. Akavaa suti, akaenda mpaka chumba cha habari. Akapewa kiti, akapewa maji, mhariri akamwomba radhi uso kwa uso. Kesho yake ikatoka taarifa ya sahihisho, imebanwa chini ya matangazo ya vifo, herufi kama sisimizi. Mwenyekiti alisoma kwa msaada wa miwani ya mkewe, lakini alisoma. Ameikata na kuitia fremu sebuleni.

Nikampeleka Mkurugenzi akaione, ajifunze kazi ya watu. Aliisogelea, akasoma mistari yote minne, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Anko, hii ilipata views ngapi?"