Roho Kumi Kabla ya Saa Saba

Sijui ni nani aliyewanong'onezea wahubiri wa Mikinduri kwamba mimi bado sijaokoka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai sijaonja, mmoja wao yuko pale steji, spika juu ya kigoda, waya umepenya chini ya kibanda cha mama wa maandazi, na kidole kimeninyookea mimi. Utingo anayetukana watu tangu alfajiri hakumwona. Vijana wa boda boda waliokesha wakitafuna miraa hakuwaona. Kamwona mwalimu mstaafu mwenye tai na Biblia kwapani. "Baba, ukifa leo utakwenda wapi?" Nakwenda Meru kufuatilia pensheni, ndugu yangu, na gari linajaa.

Ndani ya matatu hali ni ileile. Kona ya kwanza haijaisha, abiria wa nyuma anainuka, anashika chuma cha juu. "Bwana asifiwe!" Tunajibu amina, ile amina ya watu waliokwisha kulipa nauli. "Nimesema, Bwana asifiwe!" Hapo inabidi tupaze sauti, kwa sababu asiporidhika atauliza mara ya tatu, na mimi nimepima: mara ya tatu huongeza dakika kumi kwenye mahubiri. Tukikaribia mjini anatutajia namba ya M-Pesa, tarakimu kwa tarakimu, polepole, mara mbili. Kile kifungu cha Biblia alikitaja mara moja tu, tena haraka.

Hivi kuna mahali huku kwetu ambapo Injili haijakanyaga? Wamethodisti walifungua misheni Kaaga mwaka 1912, na Wakatoliki wa Consolata wakaingia Meru karibu wakati uleule. Embu, Waanglikana walikuwa Kigari tangu 1910. Chogoria wakaenda Wapresbiteri mwaka 1922, na daktari wao Irvine. Ndiyo maana ukimwuliza mtu wa upande huu wa mlima yeye ni wa dhehebu gani, mara nyingi anachokueleza ni mmisionari yupi alifika kwa babu yake kwanza. Ni kama chai na kahawa, inategemea umezaliwa mwinuko gani. Baadaye wakaja Wapentekoste, ambao hawajui mwinuko wala mpaka, wakapanda kila mahali. Sasa sote ni samaki tuliomo kapuni, na wavuvi wanavulia mumo humo kapuni.

Nilikuwa nikiyasema haya kwa sauti kubwa, nje ya kanisa letu, baada ya ibada. Mchungaji akanisikia. Jumapili iliyofuata jina langu likasomwa katika matangazo, kati ya mchango wa mabati na harusi: nimeteuliwa katika kamati ya uinjilisti. Makofi yakapigwa. Mke wangu alipiga kuliko wote.

Mwenyekiti wa kamati aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na roho za watu anazihesabu kama kilo za buni. Alitugawia fomu. Safu ya kwanza jina, ya pili namba ya simu, ya tatu "ameokoka / amerudi / anafikiria". Kila kikundi kilete roho kumi kabla ya saa saba, maana saa saba kuna chakula. Nikanyoosha mkono. Nikamkumbusha habari za mmisionari Krapf, aliyetua Mombasa mwaka 1844 na kumzika mke na mtoto mchanga kabla ya mwaka kwisha, akatunga kamusi ya Kiswahili, akauona mlima wetu kutoka Kitui mwaka 1849 na wasomi wa Ulaya wakamcheka eti theluji gani hiyo kwenye ikweta. Hadi anaondoka mwaka 1853, waumini aliowapata wangeketi benchi moja na nafasi ikabaki. Nikamtaja pia Bernardo Bernardi, padri wa Consolata, aliyekaa na wazee wa Kimeru akiwahoji habari za Mugwe, mkuu wao wa ibada za jadi, hadi akatoa kitabu kizima mwaka 1959. Huyo alikuja kufundisha, mwishowe akawa ndiye anayeandika anachofundishwa.

Mwenyekiti alinisikiliza kwa heshima zote. Akasema, "Mwalimu, hao hawakuwa na fomu."

Nikapangiwa njia ya mtoni. Niliomba nibadilishiwe, nikasingizia goti. Nina sababu zangu za kutoipita njia ya mtoni tangu Machi, na si za kiroho. Ombi likakataliwa.

Jumamosi tukatoka watatu: mimi, mama mmoja wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye fomu na kalamu mbili. Boma la kwanza lilikuwa la Wakatoliki. Bikira Maria ukutani, rozari kwenye msumari, na mama mwenye nyumba aliyefurahi kutuona kiasi kwamba kabla hatujafungua midomo tulikuwa na vikombe mkononi na viazi vitamu mapajani. Utamwambia nini mtu kama huyo? Tukasali, tukashukuru kwa viazi. Kijana akauliza anaandika nini. Mama wa kwaya akasema aandike "anafikiria". Boma la pili lilikuwa na mbwa. La mbwa sina mengi, isipokuwa kwamba goti langu lilipona ghafla.

Boma la tatu tulimkuta dada wa kanisa la kiroho akianika nguo. Tulipobisha hodi alikausha mikono, akatuketisha, akasikiliza sentensi moja ya mama wa kwaya, kisha akasimama. Alitusimulia alivyookoka, mwaka, mwezi na saa. Akatuuliza sisi wetu tunaujua? Mimi nilibatizwa nikiwa wa miezi minne. Saa yake nitaijulia wapi? Akatikisa kichwa kwa huruma, akatuwekea mikono mmoja mmoja, akatuombea hadi kijana akaanza kutokwa na machozi. Tukitoka nikamwona anachukua daftari dirishani, anaandika. Kumbe naye ana fomu. Sisi tulikuwa na sifuri, yeye saa tatu na nusu alikuwa na watatu.

Nikapendekeza turudi. Mama wa kwaya akasema lipo boma moja tu limebaki, lile la chini ya mwembe, la mzee asiyekwenda kanisa lolote. Nilijua ni lipi.

Mzee alikuwa ameketi kwenye gunia kivulini, anapanga miraa. Anachukua vijiti, anavilinganisha ncha kwa goti lake, anavifunga, anavivika jani la mgomba, anaweka kando. Hakuinua macho.

"Muga, mzee," nikasema.

"Muga mono, mwalimu. Ulipotea."

Tukakaa. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimepatwa na kikohozi, kijana akaamua kuhubiri yeye. Na katika Biblia yote, vitabu sitini na sita, akamchagua Zakayo. Nilijaribu kumkonyeza. Hapa Kenya jina hilo halitamkwi tena bila mtu kutabasamu, tangu Wakenya walipombandika Rais Ruto kwa ajili ya ushuru, na mwaka 2024 vijana wakalipeleka barabarani wakimtaka Zakayo ashuke. Mzee naye alitabasamu. Lakini kijana alikuwa na Zakayo wa Luka, mfupi, juu ya mkuyu, na alimsimulia vizuri, lazima nikiri. Mzee aliacha kufunga miraa. Hakuna aliyetusikiliza hivyo siku nzima. Alipofika pale Zakayo anapoahidi kuwarudishia aliowapunja, mzee akainua mkono.

"Rudia hapo, mwanangu. Anarudisha mara ngapi?"

"Mara nne, mzee."

"Mara nne." Akanigeukia. "Na ni neno la Mungu hilo, mwalimu?"

Kikohozi kikanirudia. Kisha akawaeleza wenzangu, taratibu, bila kuongeza chumvi, jinsi kabla ya mvua za Machi nilivyochukua kwake mikokoteni miwili ya samadi, mia sita kila mmoja, nikasema nitatuma jioni. Ni jioni ngapi zimepita, mahindi yangu yamekomaa kwa samadi yake, na mimi siku hizi naenda dukani kwa njia ya juu, mwendo wa kuzunguka kilima. Mama wa kwaya alinitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama watoto wa darasa la sita walioiba chaki.

Nikatoa simu. Mtandao ulikuwa wa mstari mmoja, ukapotea, ukarudi nilipopanda juu ya jiwe. Sikusimama juu ya mkuyu, lakini nilikuwa karibu. Nikatuma shilingi 1,200. Simu ya mzee ikalia ndani ya koti lililotundikwa mwembeni. Akavaa miwani, akasoma ujumbe wote hadi mwisho, akairudisha.

"Kijana," akasema, "hiyo karatasi yako ina jina?"

"Bado, mzee."

"Andika la mwalimu. Weka hapo kwa aliyerudi."

Na kijana akaandika! Jumapili taarifa ikasomwa mbele ya kanisa: kikundi cha njia ya mtoni, roho moja. Mwenyekiti hakutaja jina, ila mama wa kwaya alikuwa ameshalitaja tangu Jumamosi jioni, na sauti yake mnaijua.

Siku hizi napita njia ya mtoni, ni fupi. Jana mzee alikuwa palepale kwenye gunia lake. Aliniona kabla sijamwona.

"Bwana asifiwe, Zakayo!"

"Amina, mzee."

"Nimesema, Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Imebaki 3,600."