Namna ya Kujifanya Mjuzi wa Ethi Mbele ya Fundi Wako

Hukusomea umeme, na huna mpango wa kusomea. Nyumba inakaribia kuisha, fundi ana haraka ya kwenda saiti nyingine, na wewe hutaki agundue kwamba hujui kitu. Sogea karibu, nikufundishe. Utafuata waya mmoja tu, ule wa kijani na njano. Ukijua unaanzia wapi na unaishia wapi, utaheshimiwa kama mtaalamu, na watu wa nyumbani kwako hawatapigwa shoti. Heshima na usalama kwa bei moja: chukua vyote.

1. Anzia nje

Wasiojua hukimbilia sebuleni kuhesabu soketi. Wewe zunguka nyuma ya nyumba na uulize: "Fundi, ethi rodi umeipiga wapi?" Swali hilo peke yake limeshakupandisha cheo. Afadhali uwepo inapopigwa, kwa sababu rodi nyingi za madukani ni za futi nne, na fundi akikuta mwamba anashawishika kuikata. Ikishafukiwa, nusu na nzima hazitofautiani kwa macho. Dai ipigwe penye udongo wenye unyevu. Kichwa chake na klampu vikae ndani ya kishimo chenye mfuniko, visifunikwe na zege, ili viweze kukazwa na kupimwa baadaye. Akisema ameunga kwenye bomba la maji, muulize kama bomba hilo ni la plastiki. Plastiki haipitishi umeme.

2. Ingia kwenye boksi la breka, mikono mgongoni

Mwambie azime umeme na kufungua mfuniko. Mikono yako iache mgongoni: unaonekana mkaguzi, na hugusi kitu. Tafuta baa ya ethi. Waya unaotoka kwenye rodi lazima ufike hapo, na waya zote za kijani na njano za nyumba ziungwe hapo. Boksi likiwa la chuma, nalo liungwe. Nyutro, za bluu au nyeusi kwenye nyumba za zamani, zina baa yake peke yake.

3. Toa swali la ushindi

Uliza polepole: "Nyutro na ethi umeziunganisha popote?" Kama umeme unaingia kwako kwa waya mbili tu, layini na nyutro, na ethi yako ni hiyo rodi, jibu sahihi ni hapana. Huenda fundi akakuambia ameona kwenye video zikiungwa. Ni kweli: Marekani huungwa, tena mara moja tu, kwenye swichi kuu inayopokea umeme wa nje, na kwenye boksi zinazofuata hutenganishwa. Huo ni mfumo wao. Kwako wewe, ukiziunga kisha nyutro ikatike huko nje, umeme utapita kwenye waya wa ethi hadi kwenye bodi la friji na mashine ya kufulia. Hapo mtu anapigwa na friji ambayo haina ubovu wowote.

4. Mpige hesabu moja

Atasema: "Usijali bosi, hitilafu ikitokea breka itakata." Mjibu kwa hesabu. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Rodi nzuri tu inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100. Gawanya: ampea 2.3. Breka ya ampea 32 haitashtuka kabisa, na bodi la kifaa litabaki na umeme siku nzima. Ndiyo maana nyumba yenye rodi yake inahitaji RCD ya miliampea 30, inayokata mara tu umeme unapovuja. Usikubali iachwe ili kupunguza gharama. Punguza kwenye taa za urembo.

5. Bonyeza kitufe, lakini usiridhike

Umeme ukiwashwa, bonyeza kitufe cha T kwenye RCD. Ikikata, tikisa kichwa kwa kukubali, kisha sema kitu ambacho wenye nyumba wengi hawakijui: kitufe hicho kinapima RCD yenyewe, na kitakata hata kama rodi haipo kabisa. Kwa hiyo omba rodi ipimwe kwa kipimo cha ethi. Mwongozo wa Uingereza unataka isizidi omu 200, kwa sababu juu ya hapo haiaminiki. Ongeza: "Na kiangazi je?" Udongo ukikauka namba hupanda, na rodi iliyofaulu wakati wa masika inaweza kufeli ukame ukiingia.

6. Malizia bafuni

Omba afungue hita ya kuogea akiwa amezima umeme. Waya wa ethi uwe umefungwa kwenye skrubu yake. Ukiuona umekatwa au umekunjwa pembeni, kazi haijaisha. Kisha omba soketi zipimwe, moja baada ya nyingine. Tundu la juu ndilo la ethi, na pini yake kwenye plagi ni ndefu kuliko nyingine ili itangulie kugusa. Soketi inaweza kuwasha redio vizuri kabisa huku tundu hilo halina waya.

7. Ondoka na ushindi wako

Fundi akikuuliza swali gumu, usijibu. Sema: "Nioneshe kwenye mita." Mita haina maneno mengi, na fundi mzuri hupenda kuonesha kazi yake. Mwache atambe, msifie, kisha umwombe vipimo vyote aviandike kwenye karatasi, aweke sahihi na namba ya leseni yake. Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Asiye nayo, usimlipe akufungie umeme, hata awe shemeji yako.