Maua Nayo Yana Bajeti, Dada

Dada yangu mpenzi,

Huku London matayarisho ya harusi ya binti yangu, ya Septemba, yanakwenda. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti unaouliza kwa nini hesabu niliyoipeleka kwa kamati ina mstari wa "maua, pauni 1,500". Na huko nyuma nimemsikia shemeji akiuliza ni maua au ng'ombe. Basi nieleze.

Huku kwa mpambaji wa maua unakwenda kwa miadi, na swali lake la mwanzo, hata kiti hakijapata joto, ni una kiasi gani. Mimi nimekulia Marikiti, wewe wajua. Mtu akiniuliza nina kiasi gani, mkono unakwenda mfukoni wenyewe, kuulinda. Marehemu baba alikuwa akisema anayetaja bei kwanza ndiye anayerudi nyumbani kwa miguu.

Lakini, haki ya Mungu, wana sababu yao. Maua ya harusi hayakai dukani yakingoja mteja. Yanaagizwa kwa jina lako, shina kwa shina, yafike siku mbili tatu kabla, na yakibaki ni ya jalalani. Bila kiasi, mpambaji hajui akupangie mawaridi au majani matupu. Hatari zaidi, ukinyamaza atafungua kitabu cha picha. Bibi harusi akishaiona picha, bajeti imekufa na kuzikwa. Ndiyo maana nikashikilia kuwa kikao na wakwe kifanyike kwangu kwanza, kiasi kijulikane, ndipo twende kwa mpambaji na kauli moja.

Mchanganuo ndio huu, umsomee shemeji taratibu. Wageni 150, meza 15, kila meza maua ya pauni 40: 600. Shada la kushika bibi harusi, 120. Jukwaa la maharusi, 250. Vijiua vya kifuani vya bwana harusi, mababa na mashemeji, jumla watu wanane, kumi kumi: 80. Usafiri na mikono ya kupanga na kupangua, 200. Naam, na kupangua kunalipiwa! Kwetu nani aliwahi kulipwa kwa kuondoa maua? Wageni si ndio wanaoondoka nayo vichwani? Huku usiku anakuja kijana na gari, anang'oa kila kitu, na saa zake zinahesabiwa. Jumla 1,250. Juu yake kuna VAT ya asilimia 20, yaani 250. Serikali ya Mfalme Charles haikualikwa, haikuleta zawadi, na kwenye maua imekula sawasawa na jukwaa.

Mawaridi yenyewe huenda yakawa ya kwetu. Mengi yanayouzwa Ulaya yanalimwa Naivasha, yanapanda ndege Nairobi, na sehemu yake hupitia mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi. Mnada wao ni kinyume cha wetu: bei inaanzia juu, saa inaishusha, na wa kwanza kubonyeza ndiye mwenye mzigo. Hapana kelele, hapana kiapo cha wallahi naona hasara. Shemeji asinitumie tena bei ya mawaridi ya kando ya barabara Nairobi. Naijua. Inanitia homa.

Bibi harusi mwenyewe alitaka piyoni, yale mafurushi ya waridi mpauko yaliyojaa kwenye simu za wasichana wote wa huku. Msimu wake hapa ni Mei na Juni. Kuyadai Septemba ni kuyadai yatoke mbali na kwa bei ya kuringa. Mama yake amemshawishi achukue dalia, ambazo Septemba ndiyo siku zao. Amekubali kwa mdomo. Macho sijayaamini.

Ami aliyejitolea kubeba asumini kwenye sanduku, mwambieni Mungu amlipe kwa nia. Asumini iliyochanua jioni asubuhi imeshanyauka, akishuka uwanja wa ndege atakuwa amebeba majani ya chai. Na forodha ya hapa haina masihara na mimea. Watamil wa East Ham wanauza asumini zilizotungwa kwa ajili ya nywele, kwa hiyo vikuba vya kina mama tutavifunga hapahapa. Kilua ndicho sina pa kukipata. Mama mkubwa avumilie.

Sasa la kikao. Wakwe walikuja kutoka Coventry, watu wa Unguja, wastaarabu, wamekula sambusa zetu kwa adabu. Nikafungua kwa kusema kuwa kwa mila zetu Waswahili gharama kubwa ni ya upande wa mume. Mkwe akajifuta mdomo, akasema ni kweli, ila maua ya namna hii si mila ya Kiswahili, ni ya Kiingereza, na kwa Waingereza ni baba wa bibi harusi anayelipa. Nikamjibu kuwa kwa Waingereza haohao shada la bibi harusi na vijiua vya kifuani ni vya bwana harusi. Mkewe akaingilia: Malkia Victoria mwaka 1840 aliolewa na taji la maua ya mchungwa, na michungwa Unguja si ya kununua. Tukahama utaifa hivyo mpaka isha. Kwenye ukumbi sisi Waswahili, kwenye chakula wao Waingereza, kwenye maua hakuna aliyekubali kuwa chochote.

Mwisho mkwe akasema sawa, atalipa shada na vijiua, tufuate kitabu cha Waingereza. Kisha akauliza, kwa upole ule wa Kiunguja, kama mahari nayo iko kwenye kitabu hicho. Nikaagiza chai iletwe upya.

Tumesimama kwenye 1,500, VAT ikiwa ndani, na 200 katika hizo, kabla ya VAT, ni za mkwe. Miadi ni Jumamosi. Mimi nitataja kiasi, mkwe atatikisa kichwa, na bibi harusi ataiacha simu yake kwenye gari.

Kamati mnaweza kuleta michango.

Ni mimi ndugu yako